Taa za Arusi Yangu na Makinda ya Membe

Shanzu, Jumapili

Kwa Ami yangu mpenzi, Idarus,

Shikamoo. Najua tunaishi nyumba moja, wewe juu na mimi chini. Ninaandika kwa sababu kila nikifungua kinywa naambiwa bibi arusi hasemi.

Nakushukuru kwa kusimama mahali pa marehemu baba na kunitafutia mume, Junaid, ambaye sijapata kumwona. Malalamiko yangu hayamhusu yeye. Yanahusu taa ulizotundika kutoka paani hadi langoni, zikielekea baharini, ilhali arusi ni mwisho wa mwezi.

1. Membe, wale ndege weupe wanaozalia mwambani mbele yetu, hawalali tena. Usiku kucha wanazunguka juu ya paa letu na kupiga kelele.

2. Makinda wanaojifunza kuruka hufuata mwanga wakidhani ndiko bahari iliko. Wameanza kuanguka uani. Mmoja aliangukia sinia la kaimati, na Shangazi Salme akafoka, "Na huyu naye, nani kamwalika?" Ni swali la haki. Tumemwalika sisi.

3. Paka wa mtaa mzima wamehamia kwetu. Hao ndio wageni wako wa kwanza kushiba.

4. Wavuvi huwatazama membe wajue samaki walipo. Membe wakiisha, hakuna nguru. Bila nguru hakuna karamu, na arusi isiyo na karamu, Ami, ni aibu ambayo nisingependa ikupate kwa ajili yangu.

5. Kwa hiyo naomba arusi iahirishwe hadi kinda wa mwisho aruke. Na kwa kuwa mwakani membe watataga tena, haki inataka iahirishwe mwakani pia, na mwaka utakaofuata. Mimi nitavumilia. Nimejipima, naweza kuvumilia miaka mingi sana.

Nisalimie Shangazi, majirani waliotuazima nyaya, na fundi wa umeme, ambaye hana kosa lolote.

Ni mimi mwanao mtiifu,
Intisar

Nyongeza: Nimeshatia sahihi, na adhuhuri hii Shangazi ameniletea boksi lenye matundu, limetoka kwa Junaid. Ndani mna makinda wawili walioanguka uani kwao. Amewalisha dagaa. Kwao amezima taa zote, na anauliza kwa nini tusioane mchana.

Nimeitafuta hoja ya sita tangu adhuhuri. Sijaipata.

Mwambie Junaid tuoane Ijumaa hii, baada ya sala. Mwisho wa mwezi ni mbali.