Biharusi wa Gazi na Mbadala wa Petroli

Bongwe,
2 Aprili 1974

Kwa Bwana Chirau,
Mwenyekiti, Kamati ya Kugawa Petroli

Mheshimiwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe, jamaa zako na gari lako.

Mimi ndiye mwalimu niliyeomba kibali cha galoni tatu, ili pikapu ya Mzee Alfani imlete mchumba wangu, Mwanatumu, kutoka Gazi siku ya harusi yetu, Ijumaa hii. Kamati ilijibu kwamba harusi si safari ya lazima. Kisha katika baraza la tarehe 13 Machi ukatushauri tuache kulilia petroli, tutafute mbadala. Nimetii. Haya nimeyanakili kutoka daftari langu la kila siku.

Kwanza ujue sharti. Kwa desturi ya nyumba yao, biharusi hakanyagi ardhi tangu mlango wa kwao hadi mlango wa mumewe. Akikanyaga, anarudishwa. Msimamizi ni bibi yake, na macho yake bado mazima kabisa.

1. Punda (23 Machi). Nilimwazima punda wa Charo, jirani yangu, nikampakia nazi zenye uzito wa Mwanatumu. Uzito niliukisia, maana kuuliza kulinikosesha chai ukweni. Kwamba punda hanywi petroli nathibitisha. Hula majani, na mihogo ya watu. Tulipofika penye mchanga laini alilala chali akagaagaa, nazi zikatawanyika njia nzima.

2. Baiskeli (24 Machi). Haihitaji ila wali wa mwendeshaji. Lakini kwenye mchanga huohuo abiria hana budi kushuka. Bibi alinitazama nikiisukuma, akasema, "Mwanangu, huyu ni mke, si gunia la makaa."

3. Spiriti ya miwa (30 Machi). Rafiki yangu wa Ramisi aliniletea debe. Pikapu ilinguruma vizuri, nami nikaanza kuandika sifa zako. Tulipoingia Gazi, watu waliokuwa wakitoka msikitini walisimama wakaziba pua. Bibi alikuja akanusa bomba la moshi, kisha akaninusa mimi.

"Gari hili limekunywa," alisema. "Uani kwangu haliingii."

Akaongeza kwamba nisipoleta chombo cha heshima Ijumaa, ataifikiria upya posa ya bwana mmoja wa Vanga. Bwana huyo ana mashua, na mashua haihitaji kibali chako.

4. Gari lako. Hili sikulijaribu, nimelitazama tu. Tangu siku ya baraza limepita mlangoni kwangu mara thelathini na moja. Mara tisa lilibeba majani ya ng'ombe wako, na mara moja mbuzi, aliyekaa kiti cha mbele. Nimeamini kwamba linakwenda kwa mbadala ambao hukuutaja barazani, nami ningeshukuru kuujua.

Kama ni siri ya Kamati, ninalo ombi jingine. Wajumbe wako ni kumi na wawili, wote wamenona. Nimepiga hesabu: wanane wakiisukuma pikapu na wanne wakipumzika kwa zamu, biharusi atafika kabla ya magharibi bila kukanyaga chini. Wewe utatangulia kuonyesha njia, kama ilivyo kazi ya viongozi. Hilo likiwa zito, basi mwandikishe Mwanatumu kuwa mbuzi wako kwa siku moja. Atakaa kiti cha mbele bila ubishi.

Nisalimie nyumbani kwako, wajumbe wote mmoja mmoja, na mifugo.

Ni mimi raia wako mtiifu, niendaye kwa miguu,
Abdurahman Mwero

Tanbihi, saa kumi jioni: Kabla sijafunga bahasha, dereva wako Boga amefika na debe zima la petroli. Amesema, "Mwalimu, hii ilibaki. Usiulize ilibaki wapi." Sikuuliza. Nimeiweka chini ya kitanda. Kwa hiyo malalamiko yote ya hapo juu nayafuta. Jioni hii pia amekuja Kitsao, anayekaa nyumba ya pili, akiniomba nimwandikie barua kama hii, apate petroli ya kumpeleka mkewe hospitali Msambweni kujifungua. Nimemwambia nina shughuli za harusi, na kwamba kwa nionavyo mimi, Kamati yako inagawa kwa haki.