Chanzo cha Kuaminika

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu kanipa daftari hili. Kasema, mama, wasiwasi wako uandike humu, usinipigie simu mara tisa kwa siku nikiwa vitani kukusanya habari. Vitani! Anavyolitamka utadhani anakwenda sokoni. Haya, naandika. Darasa langu la nne linatosha.

Yuko nyumbani wiki tatu, anamalizia kitabu chake cha pili. Mambo ya nchi za nje, kama kile cha kwanza. Cha kwanza nimekivika nailoni na kukisimamisha juu ya friji, mgeni akiomba maji akione. Kurasa mia tatu na kumi na mbili! Nimefika ya tisa. Hakuna haraka.

Leo jirani kanikuta dukani. Mwanawe ndiye yule Mtangazaji, anayesoma habari za runinga kwa tai nyekundu. Kaniuliza mbele za watu, eti wako bado yuko kwenye magazeti? Mwenzangu, siku hizi gazeti si la kufutia vioo? Wangu mimi namwona kila jioni, na meno yake yote.

Watu wakacheka. Mwenye duka naye akacheka, na mimi mteja wake wa miaka kumi na sita! Nimerudi na sabuni, chumvi nimeisahau. Ataniona.

Jumanne, 4 Machi

Nilikuwa napeleka chai. Sikuwa nanyata. Chai. Nikasimama kidogo mlangoni ipoe.

Binti yumo kwenye chumba kilichokuwa cha cherehani yangu, anaongea na simu kwa sauti ya chini. Nikasikia yote. Zile nchi mbili zinazopigania mto! Mawaziri wao wa mambo ya nje watakutana Jumamosi, kwa siri, katika nchi ya tatu, kwenye mji wenye chemchemi za moto. Watazungumzia kusitisha vita. Na mwandishi atakayekuwepo ni mmoja tu duniani. Wangu!

Mlango ukafunguka. Nikasema chai. Chai yenyewe ilikwishaota utando.

Akanikalisha kitandani. Akasema aliyempa habari ni mtu mzito, imemchukua miaka minne kuaminiwa naye. Sharti lake moja: hakuna kuandika wala kusema mpaka mawaziri waketi. Ikivuja, hawaketi. Wasipoketi, watu wa kule mtoni wanaendelea kufa. Mama, apa. Nikaapa haki ya Mungu. Nikaongeza na kaburi la baba yake, ingawa hakuniomba.

Mawaziri wawili, mtu mzito mmoja, binti yangu na mimi. Tuko watano. Watano, dunia nzima!

Jumatano, 5 Machi

Nimevumilia hadi saa nne asubuhi. Si haba.

Jirani kaja kuazima pasi. Yake imeungua, kwa kunyoosha hizo tai bila shaka. Akaanza. Mtangazaji atamhoji balozi. Mtangazaji kapewa gari la ofisi. Mtangazaji hapiti barabarani bila kuombwa picha. Kisha akakitazama kitabu juu ya friji, akauliza kama kinauzwa au tunagawa tu.

Hapo damu ikanipanda. Lakini mimi si mjinga. Niliapia mji wa chemchemi. Mji mwingine sikuuapia. Kwa hiyo nikambadilishia. Nikamwambia Jumamosi mawaziri wa nchi za mtoni wanakutana kwa siri kwenye ule mji wa bandari, kusini kabisa, na wangu ndiye aliyealikwa. Nikamwapisha asimwambie mtu. Akaapa upesi mno. Akaondoka bila pasi.

Siri iko salama, jirani kafunga mdomo. Nani kama mimi!

Alhamisi, 6 Machi

Saa moja jioni, taarifa ya habari. Tai ya bluu leo. Mtangazaji akakaza uso, akasema kwa mujibu wa chanzo cha kuaminika, mawaziri wawili watakutana kwa siri bandarini.

Chanzo cha kuaminika! Mimi! Kwenye runinga! Nikasimama. Mikono ilikuwa karibu kupiga makofi, nikageuka, nikauona uso wa binti yangu.

Simu yake ikalia papo hapo. Yule mtu mzito. Binti akasema ndiyo mara nne na hapana mara moja. Mawaziri wameingiwa hofu kwamba siri imetoka. Kesho ndiyo wataamua, wanakwenda au wanaacha.

Akaniita, Mama. Basi, hivyo tu. Nikasema ngoja nikaangalie jiko. Akasema jiko limezimwa, mama. Nikaeleza yote. Nikamwonyesha na ile akili yangu ya bandari.

Hakupiga kelele. Alisema kuna mama mmoja kule mtoni, wa umri wangu, alimlaza kwake wiki mbili akampisha godoro lake mwenyewe. Kila akipigiwa simu huuliza, mwanangu, lini wataketi?

Afadhali angepiga kelele.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeamka na mpango wa kuokoa jahazi. Nikamwahi jirani kabla hajafunga kitambaa kichwani. Nikamwambia ukweli mtupu: nilidanganya, bandarini hakuna kitu, mwanao asisumbuke. Akanicheka! Akasema wivu wangu hupiga hodi kabla yangu, nataka kumwondoa mwanawe njiani wangu apate peke yake. Nikaapa. Akasema viapo vyangu anavijua.

Nikageuka, nikarudi kwangu.

Saa nne Mtangazaji akapanda ndege kwenda kusini na kamera zake. Waandishi wengine wote nyuma yake kama vifaranga.

Saa sita simu ya binti ikalia. Akasikiliza. Akaanza kukunja nguo. Wanakwenda! Mawaziri wameona kamera zote zinakimbilia bandarini, wakasema kwenye chemchemi hakuna atakayewaona.

Nikamtilia sweta mbili na biskuti. Mlangoni akanikumbatia muda mrefu kuliko nilivyostahili. Akasema nikiulizwa lolote, sijui kitu. Nikamwambia hata waning'oe kucha.

Jumapili, 9 Machi

Ukurasa wa kwanza! Herufi nene: nchi za mtoni zasitisha mapigano. Chini yake jina la binti yangu, lote, na la baba yake ndani! Nikachukua kila nakala aliyokuwa nayo muuza magazeti. Akaniuliza kwa huruma kama kuna msiba. Nikamwambia kuna mtoto.

Nimesoma neno kwa neno, kidole kikitangulia. Mwishoni kamweka yule mama wa mtoni, akisema usiku huo atalala bila viatu kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitano. Kidole kikasimama hapo. Machozi yakalowesha karatasi, bahati nilikuwa na nyingine. Huyu mwandishi ndiye niliyemshika mkono kuandika alama ya moja!

Mtangazaji jana alionekana peke yake gatini, wenzake wameshaondoka, jua la utosi, akituambia bado anasubiri. Jirani kapita kwangu akijifanya anahesabu nyaya za umeme.

Binti kapiga simu. Nikangoja kushukuriwa. Akasema, mama, ile ilikuwa bahati, usirudie tena. Bahati! Na bandari aliichagua nani?

Jumanne, 11 Machi

Karudi, anaandika sura ya mwisho. Siku hizi simu zake anaongelea bafuni, bomba likiwa wazi. Maji yanapotea bure. Nimehamishia kigoda changu uani, chini ya dirisha la bafu, nachambulia mchele hapo. Si kusikiliza. Kuna kivuli.

Sasa ni marais wenyewe! Mkataba kamili, mwezi wa sita, mji wa milimani. Na mwandishi aliyeombwa ni yule yule wangu. Akatoka, akanikuta na ungo wangu, akashusha pumzi. Akaniapisha upya, kiungo kwa kiungo: masikio, mdomo, ulimi. Nimeviapia vyote.

Lakini kazi hii sasa naielewa. Amani ya watu si kitu cha kuachia bahati. Lazima awepo mtu wa kuzipeleka kamera mahali pengine.

Nimebandika chai. Jirani nimemwita saa kumi. Safari hii nabadilisha mji, na mwezi pia.