Mwenye Sauti Nzito Hayupo

Jumatatu, 11 Novemba

Wewe uliyeokota daftari hili, nakuomba ulifunge. Kama umeshafika hapa, basi usimwambie mtu neno hata moja, na hasa usimwambie Bi. Tranmer, mwalimu wetu wa kwaya.

Nina kazi mbili katika kanisa kuu la Marlchester. Mchana ni karani, nachapa barua za kanisa. Jioni naimba. Mimi ni kauntatena: mwanamume mzima anayeimba alto, kwa ile sauti nyembamba inayokaa juu ya sauti yangu ya kuongelea. Siri yangu ni hiyo ya kuongelea. Nikiongea kama nilivyoumbwa, nanguruma kama lori linalopanda kilima.

Mwezi Machi, siku ya usaili, kabla sijafungua mdomo, Bi. Tranmer alinieleza kwa huzuni kwamba kwaya ina pengo la besi mmoja, mwimbaji wa sauti nzito ya chini, na besi siku hizi hawapatikani. Nikaogopa. Tangu siku hiyo naongea juu na polepole, kama mtu aliye chumbani kwa mgonjwa. Miezi minane sasa. Ijumaa ya wiki ijayo, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, majaribio yangu yanakwisha. Ataamua kama nabaki alto. Akinisikia, nimekwisha, atanihamishia besi.

Sitaki besi. Besi wanatembea chini. Mimi nimeshaonja kule juu.

Jumatano, 13 Novemba

Ukungu tangu asubuhi. Mnara hauonekani, kengele zinalia hewani, bila jengo.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu sauti ilipovunjika, katikati ya zaburi. Nililia wiki nzima. Kisha siku moja bafuni, maji yakitiririka, nikaikuta ile ya zamani. Haikufa. Ilikuwa imepanda juu ya dari, inaningoja. Mwalimu wangu chuoni alikuwa akiniambia nisiifuate kwa kupanda ngazi. Nifungue dirisha tu, itaingia yenyewe. Miaka minne ya kujifunza kufungua dirisha.

Tangazo: siku ya sikukuu kuna ubeti wa alto mmoja peke yake. Ni mimi au Gervase Pym.

Gervase, alto mwenzangu, ameimba hapa miaka ishirini na sita. Husimama upande wa kusini, mimi wa kaskazini, tunatazamana kila jioni. Akiongea ana sauti nzito kupita yangu, na haifichi. Yeye hawezi kuhamishwa, ni kama nguzo. Lakini najua kwa nini ananguruma mbele yangu: ananitega, nisahau, nimjibu vivyo hivyo. Leo kaniuliza, kijana wangu, mbona unaongea kama kuna mtoto kalala? Nikamjibu juu zaidi.

Alhamisi, 14 Novemba

Mpango wa kwanza. Kila mwimbaji anajua jibini huleta makohozi. Nikamletea Gervase kipande kikubwa, saa moja kabla ya ibada ya jioni.

Alifurahi mno. Kaniuliza nani kanifundisha adabu hii, maana vijana wa siku hizi wanamletea mtu salamu tupu. Kisha akakata nusu na kunisukumia. Kula, umekonda kama mshumaa. Nikasema nimeshiba. Akasema hakuna aliyeshiba kwa mshahara wetu. Akanisimamia hadi nikamaliza.

Jioni aliimba kama maji ya chemchemi. Mimi nilimeza makohozi saa nzima.

Jumapili, 17 Novemba

Nimepiga chafya kwenye ukumbi wa nje, peke yangu, nikasema samahani. Kwa sauti yangu halisi. Ukumbi ule ni wa mawe. Ile samahani ilizunguka pande zote nne ikanirudia.

Bi. Oddy, mhudumu wa kanisa, alitokea na ufagio. Akauliza yule mwanamume kaenda wapi. Nikamwambia kwa ile sauti ya juu kwamba ni bomba la kinanda. Akaniangalia sana. Akasema amefagia hapa miaka kumi na tisa, na hajawahi kusikia kinanda kikiomba radhi.

Jumanne, 19 Novemba

Mpango wa pili, mzuri zaidi. Joho la Gervase hutundikwa kando ya dirisha la chumba cha mavazi. Nikafungua dirisha, ukungu uingie, joho lipate unyevu, Gervase apate mafua.

Tatizo: watu hufunga madirisha. Ikanibidi nikae palepale kulilinda. Muda wa saa moja na nusu. Ukungu uliingia taratibu, ukapita juu ya makabati, ukajilaza juu ya vitabu vya nyimbo. Nikawaza kwamba ile sauti yangu ingekuwa na mwili, ingekuwa hivi: nyeupe, haina haraka, haimgusi mtu. Nadhani nilisinzia.

Baadaye Bi. Tranmer alitangaza ubeti. Ni wangu. Gervase mwenyewe ndiye aliyemwomba. Kasema yeye ameuimba vya kutosha, na masikio ya watu yamechoka naye.

Nilikuwa natetemeka meno yakigongana. Gervase akavua skafu yake akanifunga shingoni. Akauliza ni mpumbavu gani aliyeacha dirisha wazi.

Alhamisi, 21 Novemba

Mafua. Ya kwangu, si ya Gervase.

Nimejaribu mvuke, asali, chai ya tangawizi. Kule juu hakuna kitu. Nafungua dirisha, haingii hata nzi. Huku chini, kinyume chake, ni radi. Nimesema habari za asubuhi kwa paka wa kanisa, akakimbia.

Ningepaswa kumwambia Bi. Tranmer. Lakini nimwambie kwa sauti ipi? Nikamwonyesha karatasi: Napumzisha koo. Akaisoma, akatabasamu, akanipigapiga begani. Anadhani nina bidii.

Ijumaa, 22 Novemba

Naandika haya upesi.

Kanisa lilijaa. Mishumaa pande zote mbili. Kinanda kikanyamaza, ubeti ukafika, nikafungua mdomo. Pumzi tu. Pumzi yenye mchanga.

Ikapita sekunde moja. Kisha nikaisikia. Noti yangu, mahali pake hasa, laini, imekaa juu ya mishumaa. Nilidhani imerudi. Kwa muda niliamini ni mimi, na nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuiandika. Ndipo nikamwona Gervase, ng'ambo, uso umefichwa na kitabu, shingo imejaa. Alikuwa akinitazama juu ya ukingo wa kitabu, akinionyesha kwa nyusi: endelea kufungua mdomo. Nikafungua. Tuliimba ubeti mzima hivyo, yeye sauti, mimi midomo. Waliokaa kwenye viti hawakujua. Bibi mmoja wa mbele alifuta machozi akiniangalia mimi.

Baada ya ibada Bi. Tranmer aliniita. Yeye alijua, bila shaka. Nikatoa karatasi yangu. Akaniambia niiweke mfukoni, nimjibu kama binadamu. Nikajibu. Vioo vya kabati vilitikisika.

Hakushtuka. Kasema ananisikia tangu Aprili, kila asubuhi, kupitia ukuta wa ofisi, nikigombana na mashine ya kuchapia. Wote wananisikia. Walikubaliana wasinisumbue, labda ni jambo la kifamilia. Na lile pengo la besi ameshalijaza: mwoka mikate wa mjini, Denzil, anaanza Jumatatu. Hakuwahi kufikiria kunihamisha. Alto niliyo nayo, kasema, hapati nyingine kama hiyo njiani. Nimethibitishwa. Niende nikalale, nirudi nikipona.

Mlangoni Gervase alikuwa akisubiri. Nikamuungamia yote, jibini na dirisha. Alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akasema, basi kesho lete lile jibini tena.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimelala vizuri. Nimeamka na akili safi, nikayafikiria upya.

Mtu anayesema amejua tangu Aprili na akanyamaza, anaweza pia kusema hatakuhamisha na akakuhamisha. Denzil anaweza kushindwa. Na kuna jambo baya zaidi: leo nimepita dukani kwake kununua mkate, nikamsikia akipiga mluzi huku anakanda unga. Juu sana. Juu kupita kawaida ya besi. Sauti ya namna hiyo inataka nini kwenye kwaya yetu? Nimeshanunua jibini. Vipande viwili.

Kuanzia Jumatatu narudi kwenye sauti ya juu, kwa tahadhari.

Ukitaka kuniona, pita mlango wa kaskazini kabla ya saa kumi. Acha ujumbe ndani ya kitabu cha tatu cha zaburi, safu ya nyuma. Usimwachie Bi. Oddy. Simu ya ofisini iko mezani kwangu, lakini iwe ya dharura tu. Ikipokewa na mwanamume mwenye sauti nzito, usiogope na usimuulize jina. Mwambie unamtaka Alban. Ataniita.