Fuvu la Kiti cha Kushoto

Jumatatu, 9 Oktoba 1741

Napoli nzima imejifunza kucheka kutoka kwangu mimi, Aniello. Si majivuno. Mwaka wa ishirini huu nakaa benchi la tatu katika ukumbi wa michezo, nalipwa nicheke wa kwanza, na ukumbi mzima hufuata, hata makasisi waliojificha nyuma. Mtunzi ana muziki wake. Kicheko ni changu.

Leo taabu. Don Liborio, mwenye ukumbi, kampa mpwa wangu Carmosina wimbo mmoja wa huzuni katikati ya mchezo wa vichekesho: binti aliyeachwa bandarini. Kasema Jumamosi watu wasipolia, arudi Aversa kushona soksi kwa shangazi yake. Nikamwambia anitegemee mimi. Nikashuka chini ya kanisa, kwenye mafuvu ya wasio na jina. Kila mtu hapa ana lake la kuliombea, nalo limtimizie haja zake. Mimi sikuwa nalo, nilijiona mkubwa mno. Nikachagua lenye meno mengi. Nikalifuta, nikaliahidi: mpe Carmosina ushindi, nami nitakuketisha kando yangu ukumbini. Leso ikatoka imelowa. Fuvu lilikuwa linatoka jasho!

Jumatano, 11 Oktoba

Kulia kwangu pana nguzo. Kushoto hukaa Onofrio, fundi viatu, tangu enzi na enzi. Nikamwomba kiti kwa siku moja tu.

“Aniello, wewe bila mimi hata chafya huwezi,” akasema.

Wivu. Kicheko chenyewe kama cha mbuzi anayekabwa.

Nikarudi kwa fuvu. Jumatatu nililiacha likitazama ukuta. Leo linatazama ngazi. Panya, bila shaka. Panya wenye nguvu.

Jumapili, 15 Oktoba

Jana nilimpelekea Onofrio habari kwamba mama mkwe wake yu mahututi kule Pozzuoli. Akatoka mbio. Hila safi! Nikaweka kofia yangu kwenye kiti chake badala ya fuvu lenyewe, nikanong'ona: karibu, mwenzangu.

Sehemu ya kwanza nilicheka vizuri kuliko siku zote. Kisha akaingia Carmosina, akapiga magoti. Kimya, hadi nikasikia nta ya mishumaa ikidondoka. Watu wakatoa leso. Don Liborio mwenyewe akafuta jicho.

Hapo kushoto kwangu pakawa baridi kama kisimani. Ubao wa kiti ukalia. Kikatoka kicheko kidogo, kikavu, kama kokoto ndani ya kopo.

Nikacheka. Ukumbi mzima ukafuata.

Carmosina aliimba hadi mwisho. Kofia yangu niliikuta imelowa.

Asubuhi hii alikuwa anafunga nguo zake. Nilimweleza kwamba ni njama ya wapinzani wangu. Hakugomba.

“Mjomba, aliyeanza si wewe,” akasema polepole. “Ni yule uliyeketi naye. Mbona hakuwa na midomo?”

Jumatatu, 16 Oktoba

Carmosina kaondoka na gari la punda. Hakugeuka nyuma.

Onofrio karudi. Mama mkwe alikuwa mahututi kweli. Kafa Jumamosi, saa ileile ya wimbo. Kanishukuru kwa habari. Sikujua niweke wapi macho.

Kosa nimeliona: meno. Fuvu lenye meno lazima licheke. Leo nimechagua jingine, kibogoyo kabisa, nikaliahidi kiti kilekile likinirudishia Carmosina kabla ya Noeli. Nalo linatoka jasho. Dalili njema!

Na hili libaki humu humu. Miaka ishirini yote sijapata kujua kichekesho kiko wapi. Huwa nacheka akicheka wa kushoto.