Kicheko cha Kukodi

Paris, Jumanne, 3 Februari 1835

Ruba ishirini leo. Jana kumi na tano. Daktari Vaudrey huwabandika Mama tumboni, kisha huketi jikoni kula mayai yetu mpaka ruba washibe damu. Mama haruhusiwi kula chochote. Amekuwa mweupe kama mshumaa.

Nilikusudia kumwambia Baba kwamba daktari anamuua Mama. Nikafungua mdomo. Nikamuuliza kama anataka chumvi.

Masista walinifundisha kuandika vizuri. Kusema hawakunifundisha. Shule nimeimaliza hivyo hivyo.

Lakini nina mpango! Alhamisi kwenye jumba la maigizo wataonyesha ile komedi ya kale inayowacheka matabibu. Sista mmoja alituambia kwamba komedi nzuri humfanya mtu acheke kwanza, kisha anyamaze na kufikiri. Basi Baba atacheka, atanyamaza, atamfukuza daktari. Rahisi!

Jumatano, 4 Februari

Kikwazo: Baba hacheki. Nakumbuka alicheka mara moja tu, farasi alipokula kofia ya padri.

Nikaenda kwa Bwana Tuffet, mkuu wa wale wanaoketi katika jumba la maigizo chini ya taa kubwa ya vioo na kulipwa ili wacheke na kupiga makofi. Nilisimama mlangoni robo saa nzima kabla ya kubisha. Nikamtolea jozi mbili za glavu kutoka karakana ya Baba. Akacheka, na kicheko hicho hakunitoza kitu. “Glavu zinaua makofi, binti! Haya, mke wangu atazivaa.”

Akauliza nataka kicheko gani: cha puani, cha tumbo au cha kuanguka chini. Nikasema nataka kile kinachomfanya mtu afikiri. Akajikuna kichwa. Akasema hicho hawana. Atanipa cha tumbo.

Alhamisi, 5 Februari

Balaa! Daktari alikuja kuwabandua ruba, akauliza tumevaa hivyo tunakwenda wapi. Nilitaka kusema kanisani. Nikasema kweli. Akafuatana nasi, akaketi kati yangu na Baba.

Gongo likapigwa sakafuni mara tatu, pazia likafunguka. Tabibu wa jukwaani, mwenye joho na kofia ndefu, akaamuru mgonjwa atolewe damu. Kisha atolewe tena. Watu wa Bwana Tuffet wakaangua kicheko. Daktari Vaudrey akawapita wote! Alimpiga Baba kofi gotini, machozi yanamtoka. “Hawa ndio waliomuua bibi yangu, kwa kisu na bakuli! Shukuru, mzee wangu, umezaliwa enzi za ruba!”

Baba akacheka. Kisha akanyamaza. Moyo wangu ukaruka! Akanyamaza njia nzima, daraja lote, mpaka mlangoni. Hapo akasema amefikiri sana. Mtu anayeweza kuicheka kazi yake mbele za watu hawezi kuwa laghai. Kuanzia leo atamwamini maradufu.

Ijumaa, 6 Februari

Nilimsimulia Mama komedi yote, nikiigiza kila sauti. Mimi, nisiyethubutu kuuliza bei ya vitunguu! Mama akacheka mpaka akashika bandeji zake. Akaomba supu. Nikamletea bakuli zima kwa siri, akalimaliza. Mashavu yakapata rangi.

Daktari akaiona ile rangi. Homa hiyo, akasema, uvimbe wa tumbo umepanda. Ruba thelathini.

Nilitaka kusema ni supu. Nilitaka kusema ni kicheko. Nikamshikia chupa ya ruba. Mama akanikonyeza, akaninong'oneza, “Mwanangu, huyu naye analipwa kuchekesha?”

Jumatatu, 9 Februari

Mama amefariki alfajiri. Daktari amesema tulichelewa kumwita. Amekuwa akija hapa wiki sita.

Jumatano, 11 Februari

Mazishi. Mvua. Mke wa Bwana Tuffet alivaa glavu zetu. Daktari alilia kwa sauti kuliko Baba, kuliko mimi. Bwana Tuffet alimtazama kwa makini, kisha akaniambia pembeni, “Pole sana, binti. Lakini yule ana kipaji. Ningempa kiti cha mbele.”

Jumapili, 15 Februari

Baba hali wala halali. Daktari amemtazama ulimi, amesema huzuni imeshukia tumboni. Ruba kumi, kwa kuanzia. Nilikuwepo. Nilifungua mdomo. Nikamuuliza daktari mayai yake ayapendaje.

Kisha nikakaa peke yangu kwenye kitanda cha Mama, nikafikiri kwa dhati, kama Sista alivyosema. Na kosa langu nimeliona. Viti! Tuliketi mbali mno, Baba hakusikia sawasawa.

Alhamisi wanaionyesha tena. Nimempelekea Bwana Tuffet jozi tatu na kumwomba kicheko cha kuanguka chini. Baba nitamketisha safu ya kwanza kabisa. Daktari ameshauliza kama naye atapata nafasi, sikuweza kumkatalia. Nimemwekea kiti nyuma ya nguzo.