Gitaa la Vidole vya Mzee

Jumatatu, 3 Juni
Mzee, acha uongo! Mtu mzima hovyo. Eti kamwambia jirani amechoka na muziki. Amechoka wapi? Nyuzi za chuma zinamng'ata vidole. Tangu mkono wa kushoto uanze kukakamaa, akipiga kidogo anauficha kwapani kama mtoto aliyeiba sukari. Sasa gitaa kalifunika shuka. Nyumba imepoa, nasikia hata bomba likidondosha maji. Sitaki! Nitamtafutia la nyuzi za nailoni, laini. Asijue. Mume wangu ana kiburi yule, sijui kakitoa wapi.

Jumanne, 4 Juni
Dukani. Wifi kanifuata, sikumwalika. Dada wa Mzee, basi anadhani kamuumba yeye. Eti nailoni ni kamba ya kuanikia nguo, kaka yake apewe chuma. Nikamwambia chuma akatafune mwenyewe. Muuzaji akaleta magitaa mawili ya nailoni. La kwanza kubwa, linang'aa, shingo pana kama ubao wa kukatia mboga. La pili jembamba, mwili na shingo. Yote yana tundu la waya: ukitaka unapiga hivihivi, ukitaka unachomeka kwenye spika. Akauliza kiganja cha Mzee kikoje. Nimeshikwa na kiganja hicho tangu usichana, na ukubwa wake siujui! Nikasema nitaleta kipimo. Mimi fundi cherehani, bwana.

Jumatano, 5 Juni
Mzee kasinzia baada ya kula. Nikamvizia na tepu yangu. Nikapima kiganja, kidole kwa kidole. Akafungua jicho moja. Nikasema namshonea glavu. Glavu, na joto hili! Hakucheka. Akafumba jicho, akauacha mkono wake mkononi mwangu. Nikakaa hapo hapo mpaka sufuria ikaungua.

Alhamisi, 6 Juni
Aibu! Muuzaji kauliza nimepima mkono upi. Wa kulia, nikajibu kwa madaha. Akasema kwa upole kwamba wa kulia kazi yake kucharaza nyuzi tu. Unaoshika shingo ni wa kushoto. Wifi kacheka mpaka kakalia ngoma ya watu. Nikawaambia mikono ya mtu ni pacha. Lakini moyoni najua. Ule wa kushoto haunyooki tena.

Ijumaa, 7 Juni
Nikamwambia Mzee tunakwenda kununua balbu. Kufika, kagoma mlangoni. Wifi akamwambia, kaka ingia, huyu mkeo katutoa roho wiki nzima. Akaingia. Nikamchagulia lile kubwa linalong'aa, nikaamuru lichomekwe, sauti mpaka mwisho. Likapiga yowe kama mbuzi aliyekanyagwa! Muuzaji akarukia swichi. Mzee akalirudisha, akachukua lile jembamba, bila waya, akalipakata. Kidole kilichopinda kikafika. Akapiga ule wimbo aliokuwa akinipigia nyuma ya nyumba ya baba, mimi najifanya nachota maji. Alipomaliza akavipuliza vidole, mazoea tu. Kisha akavitazama. Akasema haviumi. Nikageuka kumfokea muuzaji kwa vumbi la dukani kwake lililoniingia machoni. Waliporudisha waya, sauti ndogo safari hii, hata wapita njia walisimama.

Jumamosi, 8 Juni
Mzee kapiga asubuhi nzima. Kisha akaniomba kwa adabu: siku nyingine mama watoto, niulize kwanza. Nikasema sawa, kweli kabisa, umenena. Akaenda kuoga. Nikatuma neno kwa mwalimu wa kwaya: kesho Mzee anapiga kanisani, mbele ya watu wote, na spika. Mwenyewe hajui. Wifi, nyoosha lile shati lake jeupe, na ufunge mdomo!