Seva Huru ya Mbugangari

Jumatatu, 20 Oktoba 2025
Leo nimeanzisha mtandao wa kijamii. Wangu mwenyewe. Unakaa kwenye kompyuta kuukuu chini ya meza ya studio yangu ya picha hapa Mbugangari, na unaongea na seva nyingine ndogo ndogo za watu. Hakuna bosi mmoja juu ya zote. Kwangu msimamizi ni mimi, na sheria ni moja: hakuna kinachofutwa. Wanachama tuko wawili, mimi na Mama Cansilde mwenye nyumba, aliyedhani anajiandikisha kwenye kikundi cha sala. Igor wa Kanama ana seva yenye watu wengi na sheria kurasa tatu. Mwoga yule.

Jumanne, 21 Oktoba
Mtandao unataka kitu kitamu. Jioni nilisimama kwenye dirisha la kanisa, kwaya wakifanya mazoezi ya wimbo alioutunga Gatesi. Utazinduliwa Jumapili. Gatesi! Nampenda, ila hajui, maana sijamwambia. Nikarekodi, nikabandika jina la studio yangu, nikaurusha. Atanishukuru. Kabla sijalala ulikuwa umenakiliwa kwenye seva ya Jado kule Goma, na hata ya Igor.

Jumatano, 22 Oktoba
Gatesi alikuja studio. Hakushukuru. Alisema wimbo ni wake, kanisani haujaimbwa bado, sauti ya pili imepotea njia katikati, na jina lililoandikwa ni langu. Akaomba niufute. Nilimweleza kwa upole kuhusu uhuru wa mtandao. Alisikiliza mpaka mwisho (ndiyo maana nampenda), kisha akauliza kama uhuru huo unamruhusu na yeye kukataa. Nikasema wanachama watapiga kura. Cansilde alikuwa sokoni. Nimeshinda.

Alhamisi, 23 Oktoba
Igor ameufuta kwake na kumwandikia Gatesi pole. Kisha akakata uhusiano na seva yangu. Jado naye akaniandikia: “Bon, ndugu, wimbo ya mutu ni ya mutu.” Akakata. Wengine wakafuata. Sasa mtandao wangu wote ni Cansilde, na yeye hutuma picha za Bikira Maria tu.

Ijumaa, 24 Oktoba
Mchana seva imezimika ghafla. Nimefungiwa na serikali! Nilifunga mlango kwa ufunguo, halafu nikafurahi mno. Igor hajawahi kufungiwa na mtu yeyote. Gatesi atajua alimgombeza shujaa. Nimeweka mswaki na sweta kwenye mfuko, lolote laweza kutokea. Hotuba iko tayari.

Jumamosi, 25 Oktoba, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi
Mtaa mzima tumezibua mitaro. Kwenye mkutano wa baada ya kazi, walipofika kwenye mengineyo, nilisimama na jembe langu nikatangaza kwamba serikali imenifungia na sitanyamaza. Gatesi alikuwepo. Mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa wetu, akauliza wamefunga nini. Nikasema seva. Akamgeukia ofisa wa sekta, mtu wa serikali, naye akaomba nimwandikie jina la kitu hicho, hajawahi kukisikia.

Ndipo Cansilde akainua mkono. “Mi ndiye nilitosha waya yake kwa ukuta. Prise ya umeme iko moja tu, na nilikuwa napiga pasi mishanana, nguo za kwaya.”

Watu walicheka mpaka wakaegemea majembe. Mkuu akasema, kwa kuwa tumeshaligusa jambo hilo, je, ni kweli nimeshika wimbo wa mtu? Nilikubali. Tukaongozana hadi studio, Cansilde akarudisha waya, Gatesi akaufuta kwa kidole chake mwenyewe. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Jumapili, 26 Oktoba
Wimbo umezinduliwa. Kwaya imependeza na mishanana iliyonyooka. Sauti ya pili haikupotea. Watu walisimama, na mimi nililia, naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Gatesi alimshukuru Igor kwa jina, mbele ya wote, kwa kuheshimu kazi yake. Igor alikuwa mstari wa mbele, na tai shingoni. Moyo umeniuma kweli.

Nimetafakari njia nzima ya kurudi, na kosa langu nimeliona: sikuandika jina la mtunzi. Bahati nzuri kanisani simu ilikuwa kwenye mfuko wa shati, ikirekodi tangu mwanzo. Plagi nimeizungushia utepe, Cansilde asiiguse. Wimbo uko hewani tena. Safari hii jina la Gatesi lipo, kwa herufi nzuri kabisa, chini ya langu.